Shingo ya Baltazari

"Inatangazwa kwa askari wote wa kituo hiki, wenye sare na wasio na sare, kwamba kuanzia leo kifungo cha juu kabisa cha shati kitafungwa muda wote wa kazi, pasipo kujali hali ya hewa. Shingo ya askari iliyo wazi hupunguza heshima ya kazi mbele ya raia. Atakayekaidi atachukuliwa hatua. Imetolewa na Mrakibu Ignasi, Mkuu wa Upelelezi."

Inspekta Zenon alilisoma tangazo lote pamoja na mhuri. Lilikuwa limebandikwa juu ya picha ya mwizi wa ng'ombe aliyetafutwa tangu mwaka uliopita, kiasi kwamba sehemu ya mwizi iliyobaki ikitafutwa ilikuwa paji la uso. Alifunga kifungo chake na kuingia ofisini.

Koplo Nestory alikuwa amesimama kando ya meza akiwa ameshika kamba ya ngozi.

"Afande, kielelezo. Ni kamba ya kufungia maksai. Tumeitoa nyumbani kwa Malimi."

"Marehemu alinyongwa kwa kamba?"

"Hapana, afande. Alikabwa kwa mikono."

"Basi kamba ni ya nini?"

Nestory alifikiri. "Kuongeza uzito wa faili, afande."

Faili lilihitaji uzito. Baltazari, mkulima wa Kasense aliyegeuka mnunuzi wa mahindi tangu serikali iliporuhusu kila mwenye gari kununua nafaka, alikutwa amekufa ndani ya ghala lake Jumatatu asubuhi, ameketi juu ya gunia, mikono imeegemea magoti. Pande mbili za shingo yake zilikuwa na alama nyeusi za duara. Wiki moja kabla, ng'ombe wa Malimi, Msukuma aliyehamia Ufipa na mifugo yake, walikuwa wameingia katika shamba la ulezi la Baltazari, na Malimi alipotukanwa mbele ya kikao cha kijiji alijibu kwamba atamshika Baltazari shingo mpaka pumzi imwishie. Jumapili jioni majirani walimwona akiingia uani kwa Baltazari. Mrakibu Ignasi aliona kwamba maneno, shingo na mtu vimekutana. Aliagiza faili lipelekwe mahakamani Ijumaa kwa kosa la kuua kwa kukusudia, ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Inspekta alitoa mche wa sabuni ya kufulia kwenye droo na kuelekea mahabusu.

Malimi alikuwa mtu mrefu aliyejifunga blanketi begani, kwa kuwa baridi ya Juni katika nyanda za Ufipa haina huruma na sakafu ya saruji. Alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bonyeza sabuni hii kwa vidole vyote."

"Namna gani?"

"Kama unamkaba mtu."

"Sijawahi kumkaba mtu."

"Basi kama unakamua ng'ombe."

Malimi alibonyeza. Inspekta aliusogeza mche dirishani, akatoa mfukoni kizibo cha soda na kukiweka juu ya kila alama. Jumatatu, mbele ya maiti, alikuwa amekiweka kizibo hichohicho juu ya alama za shingoni, na kila alama ilikuwa imelingana nacho ukingo kwa ukingo. Alama za sabuni zilikuwa nyembamba na ndefu, kama mbegu za maboga. Hapakuwa na hata moja iliyofikia nusu ya kizibo.

"Ulisema utamshika shingo."

"Nilisema. Ng'ombe walikuwa wameshiba ulezi na yeye alikuwa hajashiba kunitukana. Mtu husema."

"Jumapili jioni uliingia kwake. Ulifanya nini?"

"Nilimchukua, nikampeleka mahali, nikamrudisha. Alirudi kwa miguu yake."

"Mahali gani?"

Malimi aliirudisha sabuni mikononi mwa Inspekta. "Hapo sisemi, mzee."

"Ijumaa faili linakwenda mahakamani. Unaijua adhabu?"

"Naijua."

"Na bado husemi."

"Shingo ni yangu," alisema Malimi, akaketi.

Hospitalini, nje ya chumba cha maiti, Albina, mke wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye benchi na kitenge chake cheusi. Alikuwa akisubiri ruhusa ya kuzika, na katekista alikuwa ameshakuja mara mbili kuuliza. Inspekta aliketi kando yake.

"Pole sana, mama."

"Asante, baba. Mtanipa lini mtu wangu?"

"Nikishajua kilichompata. Kabla ya kufa alikuwa mgonjwa?"

"Pumzi ilikuwa inamsumbua. Tangu mavuno yaingie ndani. Alikuwa anakaa hivi." Albina aliinama mbele, akaweka viganja juu ya magoti na kuinua mabega. "Hata chakula alikula akiwa amekaa hivi. Na mkono wa kulia ulikuwa unalala. Akiinua debe la mahindi, ganzi, debe linaanguka. Watu wakaanza kusema amerogwa."

"Wewe ulisema nini?"

"Nilisema aende hospitali. Akasema nani atabaki na mahindi? Alikuwa analala humohumo ghalani, mlango amefunga, madirisha ameziba kwa udongo."

"Kwa nini azibe madirisha?"

"Ile dawa ya dumuzi isitoke. Vidonge alivyouziwa na watu wa malori. Walimwambia ikitoka nje haiui mdudu."

"Naye alikuwa ndani."

"Aliogopa wezi," alisema Albina. "Dumuzi na wezi. Mimi hakuniogopa hata kidogo."

Inspekta aliinuka, akagonga mlango.

Daktari Hellena alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa sweta juu ya koti jeupe. Koplo Nestory, aliyemfuata Inspekta kwa wajibu, alichagua kusimama karibu na mlango, mahali penye hewa.

"Taarifa yako ya kwanza," alisema Inspekta, "inasema kuna michubuko shingoni. Haisemi kama alikabwa."

"Kwa sababu sijui kama alikabwa. Bosi wako aliisoma taarifa na kuongeza neno mwenyewe." Alifunua shuka hadi kifuani. "Fungua kifungo cha shati."

"Kuna tangazo."

"Halijafika huku."

Inspekta alifungua kifungo. Daktari alimshika vidole na kumwongoza kwenye shingo yake mwenyewe.

"Huu msuli mkubwa unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi juu ya kidari unaujua, hata mchoraji wa sanamu anaujua. Upite. Nenda nyuma yake, kwenye shimo lililo juu ya mtulinga, mfupa huu wa bega. Bonyeza polepole. Sasa vuta pumzi ya ghafla kwa pua, kama unayenusa kitu kimeungua."

Inspekta alinusa. Chini ya vidole vyake kitu kilikaza kama kamba inayovutwa, kisha kikalegea. Alinusa tena. Kilikaza tena. Alihamia upande wa pili na kunusa kwa mara nyingine.

"Afande amepata mchezo," alisema Nestory mlangoni.

"Ni nini hiki?"

"Misuli mitatu kila upande," alisema Daktari. "Imeshikilia pingili za shingo kwa juu. Kwa chini, miwili imejishikiza kwenye ubavu wa kwanza na mmoja kwenye ubavu wa pili. Ikijikaza upande mmoja, shingo inalala upande huo. Lakini shingo ikitulia, kinachosogea ni mbavu. Zinanyanyuliwa juu, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Ukiwa umekaa salama kazi kubwa inafanywa na kiwambo kilicho chini ya mapafu, na hii inasaidia kidogo tu. Hewa ikiwa haba, misuli ya shingo inabebeshwa mzigo. Mgonjwa anashika magoti ili mabega yatulie, halafu anapumua kwa shingo."

"Hivi," alisema Inspekta, akaegemeza viganja juu ya magoti kama Albina alivyofanya.

"Hivyo hivyo. Sasa tazama huyu." Alielekeza kwa ncha ya koleo. "Misuli imenenepa kama ya mpagazi. Kwa wiki kadhaa mtu huyu alikuwa ananyanyua mbavu zake kwa shingo, mchana na usiku. Lazima ilimuuma hapa, usiku hasa."

"Na ganzi ya mkono?"

Daktari alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu aliyeuliza swali la maana. "Nani amekwambia kuhusu ganzi?"

"Mkewe. Debe lilikuwa linamponyoka."

"Kati ya msuli wa mbele na wa katikati kuna upenyo. Humo hupita mishipa ya fahamu ya mkono mzima, na mshipa wa damu wa mkono. Misuli ikivimba, upenyo unabana. Akiinua mkono, unalala. Sijaona alama ya uchawi hapo, ingawa sikuitafuta."

"Turudi kwenye kukaba."

"Anayekaba hutafuta njia ya hewa, na njia ya hewa iko mbele. Koromeo la huyu ni zima. Kale kamfupa kadogo kaliko chini ya ulimi hakajavunjika. Hakuna alama za kucha. Macho hayana madoa ya damu. Na alama zote ziko pembeni, juu ya misuli hii. Moja iko chini ya mtulinga, juu ya ubavu wa pili. Mkabaji gani anabana ubavu?"

"Basi alama ni za nini?"

"Sijui. Damu imevutwa juu ya ngozi, haikugandamizwa kutoka nje. Katikati pamepauka, ukingo umekolea."

"Kama pembe," alisema Nestory.

Wote wawili waligeuka.

"Bibi yangu alikuwa anaumika watu," alisema Nestory, akijutia kuingilia. "Unaweka pembe, unavuta hewa kwa mdomo, inashika ngozi. Inaacha duara. Lakini siyo pembe, afande. Pembe lazima uchanje kwanza kwa wembe, damu mbaya itoke. Huyu hana chale. Ndiyo maana hata Jumatatu sikusema."

Inspekta alikuwa amezaliwa kijijini Msanzi, na alikuwa ameumikwa mgongoni utotoni. Jumatatu yeye pia alikuwa amezitazama alama hizo, akaona hazina chale, akaitoa pembe kichwani. Kila askari wa kituo kile aliyepita mbele ya maiti alikuwa amefanya hivyohivyo, kwa kuwa kila mmoja wao aliijua pembe vizuri.

"Na kifo?" aliuliza.

"Mapafu yamejaa maji. Ukiniuliza mimi, ni sumu ya vidonge. Ukiuliza mahakama, ni mpaka Mkemia wa Serikali ajibu kutoka Dar es Salaam, na sampuli zitasafiri kwa basi." Daktari alirudisha shuka. "Funga kifungo."

Ukutani kwenye korido kulikuwa na bango lenye picha ya wembe uliokatwa kwa mstari mwekundu. Wembe mmoja, mtu mmoja, lilisema. Ukimwi unaua. Inspekta alisimama mbele yake hata Nestory akampita na kulazimika kurudi.

"Koplo, unanyolewa wapi?"

"Sokoni, afande. Kwa Ndalahwa."

"Kwa wembe wa nani?"

"Wangu. Siku hizi nani anakubali wembe wa mtu? Hata kinyozi mwenyewe anakufukuza ukienda mikono mitupu."

"Na mtu akienda kuumikwa bila wembe wake?"

Nestory aligeuka. Alitazama bango, kisha mlango wa chumba cha maiti.

"Anaumikwa bila chale," alisema polepole.

"Washa gari."

Boma la Malimi lilikuwa nje ya Kasense, mahali ambapo matuta ya majani yaliyofukiwa yanaisha na malisho yanaanza. Upepo ulikuwa unalaza nyasi upande mmoja. Mwanamke mzee alikuwa ameketi kando ya moto wa kinyesi cha ng'ombe, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka. Huyo alikuwa Kabula, mama yake Malimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuchukua kamba nyingine?"

"Sikuja kwa kamba. Nimekuja kwa shingo."

Kabula aliendelea kuchochea moto.

"Baltazari alikuwa anapumua kwa shingo," alisema Inspekta. "Shingo ilimuuma. Jumapili jioni mwanao alimleta mahali, akaumikwa, akarudishwa. Hakuwa na wembe wake, kwa hiyo hakuchanjwa. Mwanao hataki kutaja mahali, na keshokutwa atashtakiwa kwa kuua."

"Mwanangu amenikataza kusema."

"Kwa nini?"

"Unaona macho yangu? Kwetu, kabla hatujahama, dada yangu alikuwa na macho hivi. Mtoto wa jirani akafa, wakasema macho mekundu ni ya mchawi, wakamfuata dada yangu. Tulimzika tukaondoka na ng'ombe usiku uleule." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya njia. "Sasa nikisema nilimshika Baltazari shingo Jumapili, na Jumatatu amekufa, hapa Kasense watasema nini? Malimi atatoka, mimi nitaingia."

"Hutaingia mahabusu. Kuumika si kosa."

"Mahabusu ina mlango na askari. Nazungumzia midomo ya watu."

Nestory alitazama nyasi.

"Kwa nini ulimtibu?" aliuliza Inspekta. "Alikuwa amewatukana."

"Kwenye kikao nilimsikia anavyopumua wakati anatutukana. Mtu hawezi kutukana vizuri na pumzi ile. Nikamwambia Malimi, ng'ombe wako wamekula ulezi wa mtu huyu, mlete nimsaidie, tuwe sawa. Alikataa, halafu akamleta. Yule naye alikataa, halafu akaja."

"Ilimsaidia?"

"Alisema imemsaidia. Wote husema." Aliinua uso. "Lakini hakupona, si ndiyo?"

"Daktari anasema ni dawa ya dumuzi."

"Ningejua, ningemwambia alale nje."

Inspekta alifungua kifungo cha juu cha shati, kisha cha pili, akaketi juu ya kigogo mbele yake.

"Sitaandika jina lako," alisema. "Sitakuuliza neno jingine. Niumike kama ulivyomuumika yeye, palepale."

"Afande," alisema Nestory, "hii ipo kwenye utaratibu?"

"Haijakatazwa."

Kabula aliuacha moto. Kisha aliingia ndani akatoka na pembe za ndama zilizotobolewa ncha, na kipande cha nta. Alipapasa kwa kidole gumba juu ya mtulinga mpaka akapata mahali. Aliweka pembe, akaivuta hewa kwa mdomo, akaziba tundu kwa nta kwa ulimi. Ngozi ilinyanyuka ndani ya pembe. Inspekta alinusa ghafla, kama alivyofundishwa, na pembe zote zikapanda pamoja na mbavu, kisha zikashuka.

"Unafanya nini?" aliuliza Kabula.

"Nahakikisha pahala."

"Wewe ni mgonjwa wa ajabu. Tulia."

Alhamisi asubuhi Inspekta Zenon aliingia katika ofisi ya Mrakibu Ignasi akiwa ameacha kola wazi. Mkononi alikuwa na kizibo cha soda, mche wa sabuni na taarifa mpya ya Daktari. Shingoni alikuwa na alama nyeusi za duara, pande zote mbili, zenye weupe katikati, na moja chini ya mtulinga.

Mrakibu, mtu mnene aliyekuwa akinywa chai, alikishusha kikombe. "Kifungo."

"Ni kielelezo, afande."

Alieleza kila hatua: upana wa alama, umbo la vidole, mahali pa misuli, koromeo lisiloguswa, ganzi, wembe, vidonge, madirisha yaliyozibwa. Aliweka kizibo juu ya shingo yake. Kililingana. Mrakibu alizunguka meza, akaitazama shingo upande wa kulia, akaitazama upande wa kushoto, akaigusa kwa kalamu.

"Inauma?"

"Kidogo, afande."

"Nani aliyekuumika?"

"Mtu anayeijua kazi hiyo."

"Jina."

"Sikuliandika, kwa kuwa alama zinajieleza bila jina. Mtuhumiwa hakumkaba mtu. Namwombea aachiwe leo, na mwili utolewe ukazikwe."

Mrakibu alirudi kwenye kiti. Alikunywa chai. Alionekana kufikiri kwa dhati, na Nestory, aliyekuwa mlangoni, baadaye alishuhudia kwamba hakuwahi kumwona akifikiri kwa muda mrefu hivyo. Hatimaye alimwita mpiga chapa na kusema kwa sauti, akisimama baada ya kila sentensi ili mashine imfikie:

"Kwa kuwa afisa mpelelezi ana alama zilezile alizokuwa nazo marehemu, na afisa huyo yu hai, imethibitika kwamba alama hizo si chanzo cha kifo. Kwa kuwa alama si chanzo cha kifo, chanzo cha kifo hakijulikani. Kwa hiyo faili halitapelekwa mahakamani Ijumaa."

Inspekta hakusogea.

"Kwa kuwa chanzo hakijulikani," aliendelea Mrakibu, "haiwezi kusemwa kwamba mtuhumiwa hahusiki nacho. Ataendelea kushikiliwa mpaka majibu ya Mkemia yapatikane. Mwili nao utaendelea kuhifadhiwa kwa muda huohuo, ili lolote lisitangulie lingine. Nakala kwa Daktari, kwa mjane wa marehemu na kwa mtuhumiwa."

Mashine ilinyamaza. Mpiga chapa alivuta karatasi, kisha akairudisha, kwa maana Mrakibu alikuwa bado ameinua kidole.

"Ongeza. Inspekta Zenon anaamriwa kufunga kifungo."